Maswali ya Wasomaji: Mgeni wa Meli na Siku Moja ya Pwani

Msimu wa meli za kitalii katika pwani yetu huangukia zaidi miezi ya kaskazi, na kila unapokaribia safu hii hupokea barua za watu wanaotarajia wageni watakaokuwa Dar es Salaam kwa saa chache tu, tangu meli inapofunga gatini asubuhi hadi inapoondoka jioni. Tumechagua barua zinazomhusu mgeni ambaye hataki kupanda basi la matembezi yaliyopangwa na meli, bali anataka kuiona pwani kwa mipango yake mwenyewe au ya mwenyeji wake.

Rafiki yangu wa zamani, raia wa Uholanzi ambaye tulifundisha pamoja Iringa, atapita hapa na mkewe kwa meli ya kitalii. Meli itafunga saa 2 asubuhi na kuondoka saa 12 jioni siku ya Jumatano. Matembezi ya Bagamoyo yanayouzwa ndani ya meli ameyaona ghali mno, nami nimemwahidi kwamba nitampeleka kwa gari la mwanangu. Je, muda unatosha?
*Mwalimu mstaafu, Upanga*

Shikamoo Mwalimu. Ukihesabu kuanzia saa 2 hadi saa 12 utapata saa 10, na kwa hesabu hiyo Bagamoyo ni karibu. Saa hizo, hata hivyo, ni za meli, si za mgeni wako. Meli ikishafunga, maofisa wa uhamiaji na wa afya hukamilisha kazi zao kwanza, halafu mara nyingi wanaopewa nafasi ya kushuka mwanzo ni wale walionunua matembezi ya meli yenyewe. Bandari yetu ni ya mizigo, kwa hiyo abiria hawaachwi watembee kati ya makontena na malori, bali husubiri gari la kuwapeleka getini. Akiwa nje ya geti saa 3 na nusu, mshukuru Mungu. Kwa upande wa jioni, meli nyingi huwataka abiria wawe ndani nusu saa au saa nzima kabla ya kuondoka, na saa hiyo ya mwisho huandikwa kwenye ratiba ya siku wanayopewa abiria. Tuchukue kwamba ni saa 11 jioni. Mimi ningependa mgeni wangu awe getini saa 10 alasiri, ili ile saa moja inayobaki iwe akiba ya foleni, tairi au mvua.

Kwa hiyo mnazo saa 6 na nusu. Bagamoyo iko takriban kilomita 70 kaskazini mwa jiji, na siku ya kazi, ukipita Mwenge, Tegeta na Bunju, ni busara kuhesabu saa 2 kwenda na saa 2 kurudi. Zinabaki saa 2 na nusu za kuwa Bagamoyo kwenyewe, na humo humo mle chakula cha mchana. Kwa muda huo chagueni sehemu moja na kuiona vizuri. Kama rafiki yako anapenda historia ya karne ya 19, nendeni moja kwa moja kwenye misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako mwili wa David Livingstone, baada ya kubebwa na watumishi wake, akina Chuma na Susi, kutoka ndani ya bara, uliwekwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Kama anapenda mambo ya kale zaidi, pitieni magofu ya Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, yenye msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo. Kuyaona yote mawili, kisha Ngome Kongwe, kisha soko la samaki, ni kumfanya mgeni aione Bagamoyo kupitia dirisha la gari.

Kabla hamjaamua, kuna jambo ambalo yule anayeona bei ya meli kuwa ghali hulisahau mara nyingi. Basi la matembezi ya meli likichelewa, meli hulisubiri, kwa sababu abiria wale wako mikononi mwake. Gari la mwanao likichelewa, meli haina wajibu wa kusubiri, na abiria aliyeachwa hulazimika kuifuata bandari inayofuata kwa gharama zake mwenyewe, tena pengine bila pasipoti mfukoni, kwa kuwa baadhi ya meli hutunza pasipoti za abiria safari nzima. Ile bei kubwa ni pamoja na bima ya kurudi. Anayejipangia mwenyewe huokoa fedha hizo, na badala yake analipa kwa muda, yaani kwa kurudi mapema kuliko ambavyo moyo ungependa.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa yeyote mwenye mgeni wa meli ni kuanza kupanga kutoka mwisho wa siku: angalia kwanza njia za kurudi, halafu chagua pa kwenda. Barabara ya Bagamoyo, kutoka mji wenyewe hadi Bunju, haina mbadala wa maana. Dereva mzoefu anaweza kuchepuka Tegeta kupitia Wazo na Madale hadi Goba, lakini mchepuko huo mara nyingi humtoa kwenye foleni moja na kumwingiza kwenye nyingine. Ingekuwa Jumapili ningekuambia nenda bila wasiwasi mkubwa. Kwa Jumatano, ningempeleka Kigamboni.

Najua mwenyeji wa Dar akisikia Kigamboni anaona kama mgeni ananyimwa kitu. Lakini tazama njia zake. Mnaegesha gari mjini na kuvuka Magogoni kwa pantoni kama wakazi wengine, safari ya dakika chache ambayo wageni huipenda kuliko tunavyodhani, kwa maana mdomo wa bandari pale ni mwembamba, na meli yao wenyewe ilipita hapo hapo asubuhi huku pantoni ikisubiri. Upande wa pili mnachukua bajaji hadi fukwe za Mjimwema, mnaogelea, mnakula samaki, mnakunywa madafu. Wakati wa kurudi, pantoni ikiwa na msongamano au hitilafu, mnazunguka kwa bajaji kupitia Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016, ambalo linawashusha Kurasini, jirani kabisa na bandari. Njia mbili za kurudi, na zote fupi. Mkitoka Mjimwema saa 8 mchana, mtakuwa na muda wa kusimama hata Soko la Samaki la Feri kabla ya kumrudisha getini.

Mambo mawili ya mwisho, Mwalimu. Mwambie aulize ndani ya meli, siku kadhaa kabla, kama viza yake inamruhusu kushuka peke yake bila kundi, na kama atatakiwa kuonyesha cheti cha chanjo ya homa ya manjano, hasa ikiwa meli imepitia Mombasa. Na usimsubiri ndani ya bandari, kwa sababu hutaruhusiwa kufika gatini. Kubalianeni akutumie ujumbe wa geti atakalotokea mara tu litakapotangazwa.

Je, mgeni wa meli anaweza kwenda Zanzibar na kurudi Dar siku hiyo hiyo kwa boti ya mwendo kasi?
*Msomaji, Kariakoo*

Asijaribu. Boti hutumia takriban saa 2 kwenda na saa 2 kurudi, bado hujahesabu foleni ya ukaguzi pande zote mbili, na hali ya bahari ikibadilika hakuna barabara ya kuzungukia. Isitoshe, tangu Oktoba 2024 mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar hutakiwa kuwa na bima maalumu ya Zanzibar, gharama ambayo haina maana kwa matembezi ya saa mbili. Na atazame ratiba yake vizuri: meli nyingi zinazopita Dar hupita Unguja pia.

Shemeji zangu watatu watashuka meli kwa siku moja na wanataka kisiwa. Mume wangu anasema Bongoyo, mimi nasema Mbudya kwa sababu tunaishi Mbezi Beach na ni karibu nasi. Pia nimesikia kuna siku ukifika unakuta bahari imekimbia, mnatembea kwenye matope badala ya kuogelea. Nitajuaje?
*Mama wa watoto wawili, Mbezi Beach*

Dada yangu, safari hii mpe mume wako ushindi, ingawa si kwa sababu Bongoyo ni kisiwa kizuri zaidi. Mbudya ni karibu na nyumba yenu, lakini wageni hawatoki nyumbani kwenu. Wanatoka bandarini, na kutoka bandarini hadi Kunduchi, ambako boti za Mbudya huondokea, ni kuvuka jiji zima mara mbili. Boti za Bongoyo huondoka Msasani, na kutoka mjini kwenda Msasani dereva ana uchaguzi: Daraja la Tanzanite juu ya bahari, au Barabara ya Ali Hassan Mwinyi kupitia Salender. Visiwa vyote viwili viko ndani ya maeneo tengefu ya bahari yaliyotangazwa mwaka 1975, kwa hiyo hakuna tofauti kubwa ya hifadhi wala ya taratibu. Mnalipa ada ya kuingia, ambayo kwa mgeni wa kigeni ni kubwa kuliko ya raia, na mnaacha matumbawe na makombe pale pale yalipo. Waambieni shemeji mapema, maana mtu aliyezoea kuokota makombe ufukweni kwao hutia moja mfukoni bila nia mbaya.

Kuhusu bahari kukimbia, swali lako ni zuri, na jibu lake linajulikana wiki nyingi kabla, kwa sababu maji hufuata mwezi. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, na siku moja au mbili baada yake, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hapa Dar es Salaam hupita mita 3. Katika siku hizo, kwenye pwani yetu, maji hupwa kabisa yapata saa 4 asubuhi na kujaa kabisa yapata saa 10 alasiri. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, hivyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka: maji yamejaa saa 4 asubuhi. Lakini hizo ni siku za maji mafu, ambapo kujaa na kupwa kwenyewe ni kwa kiasi kidogo na hakumsumbui mtu.

Tuyalete haya kwenye safari yenu. Mgeni wa meli hufika kisiwani kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, hana saa nyingine. Siku ya bamvua atafika maji yakiwa chini kabisa, boti itasimama mbali, nanyi mtatembea majini hadi ufukweni mkiwa mmevaa viatu vya soli ngumu, kwa kuwa matumbawe ni makali. Mchanga utakuwa mpana na wa kupendeza kwa picha, ila kuogelea kwa maana hasa kutaanza yapata saa 7 mchana, maji yakishapanda. Siku ya maji mafu mtaogelea mkifika. Basi tazameni kalenda ya mwezi. Na wavuvi wa Msasani watakuthibitishia kwa sentensi moja bila kufungua simu.

Ninalosisitiza zaidi ni boti ya kurudi. Kisiwa hakina njia ya pili. Injini ikikataa, mnasubiri boti nyingine ipite, na katika miezi ya kaskazi upepo huzidi mchana, hivyo bahari iliyokuwa shwari asubuhi huwa na mawimbi alasiri. Msipande boti isiyo na jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, watoto wako wakiwemo. Mkubaliane na nahodha saa ya kuondoka kisiwani kabla hajapokea fedha zote, na saa hiyo isizidi saa 7 na nusu mchana. Ndiyo, ni mapema, na siku ya bamvua ina maana kwamba mtaogelea nusu saa tu. Muda utakaobaki mkirudi bara si wa kupotea: Coco Beach iko hapo hapo Oysterbay, mihogo ya kukaanga na kachumbari ipo, na kutoka hapo hata foleni ikiwa mbaya mtu anaweza kufika bandarini.

Mimi ni dereva wa bajaji, kituo chetu kiko jirani na bandari. Meli ikifika tunagombania wageni, wengine wanataja bei kwa dola, mwisho wa siku wageni wanaogopa na kurudi ndani. Tufanyeje ili nasi tupate riziki bila fujo?
*Dereva, Kurasini*

Kaka, mgeni anayeshuka peke yake haogopi bajaji, anaogopa kutojua. Anataka kujua mambo matatu kabla ya kukaa: anakwenda wapi, atalipa kiasi gani, na atarudi saa ngapi. Kikundi chenu kikiandika kwenye ubao mmoja safari nne au tano, kwa mfano kwenda Feri, Makumbusho ya Taifa, Coco Beach na Kigamboni kupitia daraja, pamoja na bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, mtashangaa jinsi kelele zitakavyopungua. Bei iwe kwa shilingi. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutoza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, kwa hiyo anayetaja dola pale getini anavunja sheria na pia anajinyima mteja. Mgeni asiye na shilingi mpelekeni kwanza benki au duka la kubadilishia fedha, na mkumbusheni kwamba ataombwa kitambulisho.

Saa ya kurudi iandikeni kwa tarakimu, kwa saa yake na kwa saa yetu. Mgeni anayetaja saa tano ya jioni kwa lugha yake anakusudia saa 11, na dereva aliyeelewa vingine atakuwa amemfanya mtu aachwe na meli. Msidai malipo yote mwanzoni. Nusu kwenda na nusu kurudi humpa kila mmoja sababu ya kumtafuta mwenzake. Mwisho, fanyeni kazi ya udereva na muiache kazi ya kuongoza watalii kwa wenye leseni yake, kwa sababu shughuli za utalii zinazotozwa malipo zina leseni zake chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Kumwambia mgeni kwamba lile ni Kanisa la Azania Front hakuna atakayekushtaki, bali kujitangaza kuwa muongozaji ni jambo lingine.

Mimi ni baharia kutoka Tanga, nafanya kazi jikoni katika meli ya kitalii. Tukifika Dar nitapewa saa 4 tu za kushuka, na wenzangu wa Ufilipino na India wanataka niwaonyeshe mji na bahari. Tatizo jingine ni kwamba saa ya meli wakati mwingine hailingani na saa ya nchi. Nishauri.
*Baharia, kwa njia ya barua pepe*

Ndugu baharia, nianze na saa, kwa sababu hapo ndipo watu huachwa. Tanzania iko saa 3 mbele ya saa ya Greenwich mwaka mzima. Meli inayotoka Seychelles au Mauritius, ambako ni saa 4 mbele, ikiwa haijarudisha saa zake nyuma, basi saa 11 jioni ya meli ni saa 10 jioni ya Dar es Salaam, na mtu anayetazama ukuta wa benki mjini atadhani ana saa nzima ambayo hana. Ikitoka Durban au Maputo, ambako ni saa 2 mbele, kosa huwa upande wa usalama. Simu nazo hujibadilisha zenyewe zikipata mtandao wa nchi kavu, kwa hiyo siku hiyo vaeni saa ya mkononi iliyotegwa kwa saa ya meli, na msiiguse.

Kwa saa 4, msitoke katikati ya jiji. Anzeni Feri kabla jua halijawa kali, mnada wa samaki ukiwa bado umechangamka. Wewe ni mtu wa jikoni, wenzako watafurahi kuona nguru, changu na pweza kabla ya kuwa mlo. Kutoka hapo fuateni Kivukoni kwa miguu, bahari ikiwa kushoto kwenu, hadi Azania Front, kisha Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Yote mawili yalikamilika mwaka 1902, na yapo hatua chache kutoka mahali meli za Unguja zinapofunga. Pandeni hadi Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, na mkiwa bado na nguvu malizieni Makumbusho ya Taifa na bustani ya mimea iliyo jirani nayo, ambayo ilianzishwa mwaka 1893. Upande wa Ikulu na maeneo ya jeshi msipige picha hata kama mandhari inavutia, na mtu wa sokoni muombeni ruhusa kabla ya kumpiga picha.

Wakumbushe wenzako wasishuke na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa kuwa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Wabebe mikoba ya kitambaa. Pamoja na kadi ya meli, kila mmoja awe na nakala ya pasipoti na namba ya simu ya wakala wa meli wa Dar es Salaam, ambayo hupatikana kwa ofisi ya meli kabla ya kushuka. Mkichelewa, huyo wakala ndiye wa kupigiwa kwanza, kabla hata ya rafiki aliyebaki ndani.